Tundu dogo la hewa linavyoua kompresa ya gari

WENYE magari yanayotumia saspensheni ya hewa hukutana na kisa hiki mara kwa mara: gari huegeshwa jioni likiwa limesimama sawasawa, na kufikia alfajiri limeinama upande mmoja mithili ya ngamia anayepiga magoti.

Injini inapowashwa, mngurumo husikika kutoka chini ya gari kwa muda, kisha gari huinuka polepole na kurejea katika kimo chake cha kawaida. Wengi huridhika kwamba tatizo limejitatua lenyewe, wakaenda zao kazini.

Kumbe tatizo ndilo kwanza linaanza. Mngurumo huo ni wa kompresa inayojaza tena hewa iliyotoroka usiku kucha, na kila asubuhi inapolazimishwa kufanya hivyo, maisha yake hufupishwa. Miezi michache baadaye huungua, na mwenye gari hujikuta akilipia kifaa ghali kwa sababu ya kasoro ambayo huenda ingerekebishwa kwa kipande cha mrija au mpira mdogo wa duara.

Nchini Kenya, magari ya aina hii si machache tena. Miongoni mwake ni Range Rover, Land Rover Discovery, Audi Q7, Volkswagen Touareg, Mercedes-Benz zenye mfumo uitwao Airmatic na baadhi ya Toyota Land Cruiser Prado, ambazo huwa na mifuko ya hewa katika magurudumu ya nyuma pekee.

Mengi huingia nchini yakiwa yametumika kwingineko, hasa Japani na Uingereza. Kanuni za Kenya kwa kawaida huruhusu gari kuukuu kuingizwa nchini iwapo halijapitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza.

Huo ndio umri ambao mpira wa mifuko ya hewa huanza kuchoka. Kwa hivyo, mnunuzi anayelipokea gari lake katika bandari ya Mombasa huenda analipokea wakati mfumo huo unaanza kudai matengenezo. Vumbi, mawe na matope ya barabara za mashambani huharakisha tu kilichokuwa njiani.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Katika gari la kawaida, uzito hubebwa na springi za chuma. Katika gari lenye saspensheni ya hewa, kazi hiyo hufanywa na mifuko ya mpira mzito uliofumwa kwa nyuzi ndani yake, ambayo hujazwa hewa kwa shinikizo kubwa.

Hewa hiyo husukumwa na kompresa ndogo inayoendeshwa kwa umeme. Kabla ya kuifikia mifuko, hupitia kwenye kikaushio, yaani kopo lenye chembechembe zinazonyonya unyevu. Kutoka hapo huingia katika bloku ya vali, ambayo ni kama njiapanda: kila vali hufungua au kufunga njia inayoelekea gurudumu moja.

Mirija myembamba ya nailoni ndiyo huunganisha bloku hiyo na mifuko. Vihisi vilivyofungwa karibu na magurudumu hupima kimo cha gari na kuiarifu kompyuta, nayo kompyuta huamua iwapo hewa iongezwe au ipunguzwe. Baadhi ya magari huwa pia na tangi la kuhifadhi hewa ya akiba.

Tairi la gari dogo kwa kawaida hujazwa hewa ya shinikizo la pauni 30 hadi 35 kwa inchi mraba. Ndani ya tangi la saspensheni, shinikizo huweza kupita pauni 150. Katika hali hiyo, hata ufa usioonekana kwa macho hutosha kuipitisha hewa.

Kwa nini kompresa hufa

Kompresa ya saspensheni haikuundwa kufanya kazi mfululizo kama ile ya kujaza tairi katika kituo cha mafuta. Imeundwa kufanya kazi kwa muda mfupi, kisha ipumzike na kupoa. Hewa inapovuja, haipati mapumziko hayo. Joto hupanda, ringi ya pistoni hulika, nguvu ya kusukuma hewa hupungua, na kadiri nguvu inavyopungua ndivyo inavyolazimika kufanya kazi kwa muda mrefu zaidi.

Hata hivyo, joto ni nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili, ambayo mafundi wengi huisahau, imo ndani ya kikaushio.

Gari linaposhushwa kwa utaratibu wa kawaida, hewa kavu kutoka kwenye mifuko hurudi kupitia kikaushio kabla ya kutolewa nje. Inapopita, huubeba unyevu ulionaswa na zile chembechembe na kutoka nao. Kwa njia hiyo kikaushio hujikausha chenyewe na kuwa tayari kwa kazi nyingine.

Hewa inayotorokea kwenye tundu hairudi kamwe kupitia njia hiyo. Kompresa huendelea kuvuta hewa mpya yenye unyevu, kikaushio hunyonya maji bila kupata nafasi ya kuyatoa, na hatimaye hushiba. Kuanzia hapo, unyevu hupita hadi kwenye bloku ya vali na kuleta kutu. Chembechembe zilizochakaa nazo hugeuka unga ambao hunasa kwenye vali na kuzizuia kujifunga barabara.

Vali isiyofunga ni tundu jingine. Hivyo basi, uvujaji mmoja huzaa wa pili, na wa pili huzaa wa tatu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni kompresa, kikaushio na bloku ya vali kwa pamoja.

Ndiyo maana fundi anayebadilisha kompresa iliyokufa bila kulitafuta tundu lililoiua huwa anamwandalia mteja wake hasara ya pili. Kompresa mpya itafungwa, gari litainuka vizuri, na baada ya muda nayo itafuata mkondo uo huo.

Kusoma dalili

Kabla ya spana yoyote kuguswa, gari lenyewe hutoa ushahidi. Likizama kona moja pekee, mshukiwa ni mfuko wa kona hiyo, mrija wake, kiungo chake au vali inayouhudumia.

Iwapo magurudumu mawili ya mbele au ya nyuma yanazama kwa pamoja, macho huelekezwa kwenye bloku ya vali, ingawa yawezekana pia kwamba mifuko yote miwili imezeeka. Na iwapo gari halizami usiku lakini kompresa hunguruma kila mara mchana, huenda hewa inavuja kati ya kompresa na bloku, kwenye tangi, au kwenye mfuko ambao ufa wake hufunguka tu gari linapokuwa katika mwendo.

Kuna mtego mmoja ambao umewapoteza wengi. Baadhi ya magari, mfano Range Rover zilizoundwa kati ya 1994 na 2002, hujisawazisha yenyewe hata yakiwa yameegeshwa. Kompyuta huamka, ikaona kona moja imeshuka, kisha ikazishusha kona nyingine ili zilingane nayo.

Matokeo yake ni kwamba asubuhi gari zima huwa chini, na mwenyewe akadhani mifuko yote minne imetoboka ilhali kasoro iko mahali pamoja tu. Dawa ya mtego huu ni kuuzima mfumo kabla ya kipimo kwa kuondoa fyuzi au rilei inayohusika, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza.

Kipimo cha usiku mmoja

Hatua ya kwanza ya uchunguzi haihitaji chochote isipokuwa futi ya kupimia, kalamu na karatasi. Gari huegeshwa mahali tambarare likiwa katika kimo cha kawaida. Kwa kila gurudumu, umbali hupimwa kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye ukingo wa bodi ulio juu yake. Vipimo vyote vinne huandikwa, mfumo huzimwa, na gari huachwa kwa muda wa saa 12 hivi bila kuguswa.

Asubuhi, vipimo hurudiwa. Ni muhimu kufahamu kwamba kushuka kidogo si ugonjwa. Hewa hunywea inapopoa: ikitoka nyuzi 30 za selisiasi hadi nyuzi 12, kama inavyotokea Nairobi au Limuru usiku wa Julai, ujazo wake hupungua kwa takriban asilimia 6.

Lakini baridi haibagui kona. Gari lililoshuka sentimita moja pande zote halina neno. Lililoshuka sentimita tano upande wa kushoto mbele, huku pande nyingine zikiwa vilevile, limekwisha kutaja mahali penye kasoro.

Mashine ya kusoma hitilafu inayotumiwa gerejini nayo ina manufaa yake, ila ina mipaka. Huweza kueleza kwamba kompresa imefanya kazi kupita kiasi au kwamba gari limechelewa kuinuka. Kwa kawaida haiwezi kuonyesha tundu liko wapi. Kuamini kwamba ujumbe wa kompyuta unaotaja kompresa unamaanisha kompresa ndiyo mbovu ni kosa la kawaida, na hugharimu.

Maji ya sabuni

Baada ya kona kujulikana, chombo kinachoaminika zaidi ni cha bei rahisi kuliko vyote: maji yaliyochanganywa na sabuni ya kuoshea vyombo, yakiwa ndani ya chupa ya kunyunyizia.

Kabla ya hapo, tahadhari moja haina budi kuzingatiwa. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na hewa pekee. Mfuko ukipasuka au vali ikifunguka, gari hushuka ghafla na nafasi iliyokuwa chini yake hutoweka. Gari sharti liegemezwe kwenye stendi madhubuti za chuma au liinuliwe kwa lifti ya gereji. Jeki peke yake haitoshi.

Matope husafishwa kwanza, kwani tope lililoganda huziba tundu na kuuficha ukweli. Kisha mfuko hunyunyiziwa maji ya sabuni ukiwa umejaa hewa. Tundu kubwa hutoa mapovu papo hapo. Tundu dogo huhitaji subira: baada ya dakika chache hujitokeza povu jeupe, dogo dogo, lililojikusanya mahali pamoja.

Mahali pa kuchunguzwa zaidi ni sehemu ya chini ya mfuko, ambapo mpira hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapopanda na kushuka. Mchanga hukusanyika katika mkunjo huo na kuusaga mpira taratibu. Gari likiwa katika kimo cha juu, mkunjo hufunguka na nyufa huonekana kwa urahisi. Mpira wenye nyufa nyingi ndogo mithili ya ardhi ya kiangazi umekaribia mwisho wake hata kama haujaanza kuvuja.

Baada ya mkunjo, hufuata viungo vya mirija. Ndani ya kila kiungo mna mpira mdogo wa duara ambao hukauka na kuwa mgumu kadiri miaka inavyosonga. Mirija nayo huchunguzwa mahali inapogusana na chuma au kupita karibu na joto la ekzosi. Mwisho ni bloku ya vali na kikaushio, hasa tundu la kutolea hewa: mapovu yakitoka hapo ilhali gari limetulia, kuna vali isiyofunga.

Katika magari mengine, mfuko wa mbele umefunikwa kwa gamba pamoja na shokabsoba, na sabuni haiufikii mpira. Hapo fundi hutazama mapovu kwenye kingo za gamba, au husubiri mahali palipo kimya na kusikiliza mlio wa hewa kwa kutumia kipande cha bomba kilichowekwa sikioni.

Endapo bado kuna shaka, hutenganisha sehemu. Baada ya hewa kutolewa kwa utaratibu ufaao, mrija wa kona husika huchomolewa kwenye bloku na kujazwa hewa kutoka nje kupitia kiungo chenye geji. Mshale wa geji ukishuka, tundu liko kwenye mfuko au mrija. Ukitulia, kosa ni la bloku. Kwa kipimo hicho, kubahatisha hukoma na mwenye gari hulipia kipuri kinachohitajika tu.

Ukarabati unaodumu

Kiungo kinachovuja ndicho rahisi zaidi kutengeneza. Mara nyingi mrija huwa umekwaruzika pale unapoingia. Ukiwa na urefu wa kutosha, sehemu hiyo hukatwa na mrija kurudishwa. Mkato uwe wa moja kwa moja na ufanywe kwa wembe mkali, si kwa koleo, kwa kuwa koleo huubana mrija na kuufanya upoteze mviringo wake. Mpira wa ndani ya kiungo ubadilishwe kila unapofunguliwa.

Mrija uliotoboka katikati hukatwa na kuunganishwa kwa kiungo kilichotengenezwa kwa ukubwa na shinikizo hilo. Utepe, gundi na waya havina nafasi katika kazi hii.

Kuhusu mfuko wenyewe, wapo wanaojaribu kuubandika kiraka kama inavyofanyiwa tairi lililopata pancha. Jitihada hizo hazidumu. Mpira wa mfuko hukunjika upya katika kila shimo la barabara, na kiraka hubanduka. Gundi inapokauka huwa ngumu, na mpira huanza kupasuka kando yake. Mfuko uliopasuka hubadilishwa.

Mfuko wa upande wa pili una umri sawa na umepita barabara zile zile, hivyo ni busara uchunguzwe siku hiyo hiyo, na ikiwezekana yote miwili ibadilishwe pamoja. Mfuko uliotolewa kwenye gari lililovunjwa huenda ukawa umezeeka kuliko ule unaoondolewa, na mnunuzi anapaswa kutafuta tarehe ya kutengenezwa iwapo imechapishwa juu yake.

Wakati wa kuufunga mfuko mpya, uzito wa gari usishushwe juu yake kabla haujatiwa hewa. Mpira mtupu ukibanwa hujikunja vibaya na huweza kuchanika siku ile ile.

Kazi haiishii hapo. Iwapo gari limevuja kwa muda mrefu, chembechembe za kikaushio zibadilishwe, bloku ya vali isafishwe, na rilei ya kompresa iwekwe mpya, kwani rilei iliyotumika kupita kiasi huweza kukwama na kuiacha kompresa ikifanya kazi bila kukoma. Hatimaye kipimo cha usiku mmoja hurudiwa. Gari lililotengenezwa vyema huamka katika kimo lililolalia.

Mabasi na malori

Mabasi mengi ya masafa marefu na matrela nayo husimama juu ya mifuko ya hewa, lakini kompresa yake huendeshwa na injini na hulisha breki pia. Vali za kinga huwekwa ili hewa ya breki isimalizwe na uvujaji wa saspensheni.

Hata hivyo, dereva hapaswi kuutegemea ulinzi huo na kupuuza mlio wa hewa inayotoroka. Breki za kuegesha za magari haya huzuiliwa wazi na hewa. Shinikizo likishuka kupita kiasi, springi zilizomo hujifunga zenyewe na gari hukwama lilipo, hata kama ni katikati ya mlima. Geji inayoshuka upesi baada ya injini kuzimwa ni sababu tosha ya kutoianza safari.

Springi za chuma badala ya hewa

Wapo wanaochoka na kuamua kuing'oa mifuko na kuweka springi za chuma. Uamuzi huo si mgeni. Cadillac Eldorado Brougham, gari la Marekani lililoanza kuuzwa 1957 likiwa na saspensheni ya hewa, lilisumbua kwa uvujaji kiasi kwamba wamiliki wengi waliishia kulifungia springi za kawaida.

Springi hupunguza gharama za baadaye, lakini gari hupoteza uwezo wa kujiinua kwenye barabara mbovu na kujisawazisha linapobeba mzigo. Aidha, kompyuta isiporekebishwa, taa ya onyo hubaki ikiwaka kwenye dashibodi. Ni njia halali kwa aliyepima faida na hasara zake. Si suluhisho la kukimbilia kabla ya kujua kwamba tatizo lilikuwa mpira mdogo wa duara.

Kwa anayepanga kununua gari la aina hii, lililo muhimu ni kuliona asubuhi kabla halijawashwa. Muuzaji aombwe aliache limeegeshwa usiku mzima, na mnunuzi afike mapema akiwa na futi yake. Gari likiwa tayari limewashwa na kuinuliwa anapowasili, ana haki ya kuomba kipimo kirudiwe siku nyingine.

Naye aliye nalo tayari, akiliona limeinama kwa mara ya kwanza, asisubiri mara ya pili. Siku hiyo chupa ya maji ya sabuni huenda ikatosha kulionyesha tundu. Baada ya miezi sita, huenda tundu likawa lile lile, ila ankara itakuwa ya kompresa, kikaushio na vali.